Picha za kindoto za mwili na hisia: yanayosemwa na yalivyo kweli

Picha ya mtu anayeelea juu ya kitanda, mwenye mikono minne, au anayegeuka moshi kuanzia kiunoni, humsimamisha mtazamaji papo hapo. Ndiyo maana aina hii ya upigaji picha, ambayo wengi huiita ya kisurealisti, yaani inayochanganya uhalisi na ndoto, imezungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi. Anayeanza huyaamini, kisha hukesha kwenye kompyuta akirekebisha jambo ambalo lingemalizwa mbele ya kamera kwa dakika mbili.

"Picha hizi ni mtoto wa Photoshop"

Photoshop ni programu ya kompyuta ya kuhariri picha, lakini picha hizi ni za zamani mno kuliko kompyuta. Mwaka 1858 Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativu tano (picha za kinyume zinazotumiwa kuchapia) kupata picha moja ya msichana anayekaribia kufa. Mwaka 1924 Man Ray alichora matundu mawili ya fidla juu ya picha iliyokwisha chapwa ya mgongo wa mwanamke, kisha akaipiga picha upya, na mgongo ukawa chombo cha muziki. Mwaka 1933, jijini Paris, André Kertész alipiga takriban picha 200 za miili iliyovutika na kupindika kwenye vioo vilivyobonyea, bila kuunganisha chochote. Baadaye Mmarekani Jerry Uelsmann alipanga mashine kadhaa za kukuzia picha katika chumba cha giza, kila moja na negativu yake, akawa anahamisha karatasi moja kutoka mashine hadi mashine.

Photoshop imerahisisha ufundi huo. Haikuuanzisha, na haimsaidii asiyejua mwanga unavyoanguka mwilini.

"Kadiri maajabu yanavyozidi, ndivyo picha inavyokuwa ya kindoto"

Mabawa, mwezi, moshi, samaki hewani na saa inayoyeyuka, vyote ndani ya fremu moja! Matokeo yake ni bango, wala si ndoto. Jicho hukubali uongo mmoja pale ambapo kila kitu kingine ni kweli. Vunja kanuni moja tu, mathalani uzito, ukubwa au idadi ya viungo, halafu linda nyingine zote kwa ukali: upande wa mwanga, kivuli, urefu wa kamera, rangi ya ngozi. Mkono wa tatu uliomulikwa kutoka kulia, kwenye mwili uliomulikwa kutoka kushoto, hugunduliwa hata na asiyejua lolote kuhusu kamera. Hataweza kusema kasoro ni nini, ila atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

"Mtu kuelea ni suala la kufuta tu kiti kinachombeba"

Kufuta kiti ndiyo sehemu nyepesi. Picha hizi huharibikia kwenye mambo matatu: kamera kusogea, mwili kuonyesha kwamba umeegemea kitu, na kivuli.

Weka kamera kwenye tripodi, chini kidogo, usawa wa goti hadi nyonga, ili nafasi kati ya mwili na sakafu ionekane kubwa. Kila kitu kipangwe kwa mkono: shata (muda wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), fokasi na mizani ya rangi nyeupe. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi, tumia rimoti. Ukiacha kamera ijiamulie, itabadilisha mwanga mara modeli anapoingia, na fremu, yaani picha utakazoziunganisha baadaye, hazitalingana. Wingu likipita juani kati ya fremu, piga zote upya.

Fremu ya kwanza ni chumba kitupu. Ya pili, modeli amelala juu ya stuli nyembamba kuliko kiwiliwili chake. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini: nyama ya mgongo hubonyea pale inapogusa stuli, gauni hubanwa, na mishipa ya shingo husimama kwa sababu tumbo limekazwa. Mtu anayeelea hana alama hizo. Mwambie anyooshe vidole vya miguu, alegeze taya, aache kichwa kining'inie, na asikae hivyo zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo. Fremu ya tatu ni ya nguo: msaidizi hurusha pindo la gauni nawe unalidaka hewani. Ya nne ni ya nywele. Ya tano ni ya kivuli, na ndiyo husahaulika zaidi: modeli huruka juu mahali palepale ili upate kivuli cha mwili kisichochanganyika na cha stuli.

Kwenye kompyuta, fremu tupu hukaa leya (tabaka) ya chini, modeli juu yake, na maski, yaani kificho cha sehemu ya leya, hufunua chumba mahali pa stuli. Kivuli cha mwili ulio juu lazima kiachane na mwili na kingo zake ziwe laini. Kikigusa miguu, mtu ametua.

"Lenzi pana ndiyo hupotosha uso"

Kinachokuza pua ni umbali. Sikio liko kama sentimita 12 nyuma ya ncha ya pua. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, sikio liko sentimita 42, kwa hiyo pua huonekana kubwa kwa asilimia 40 zaidi ukilinganisha na sikio. Rudi nyuma hadi mita 2, tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 6. Lenzi pana hukuwezesha tu kusogea karibu na bado kumwingiza mtu mzima kwenye fremu. Ukitaka kiganja kikubwa kuliko kichwa, kielekeze kwenye lenzi kikiwa karibu nayo sana na uache uso nyuma. Tundu dogo la lenzi, f/11 au f/16, litasaidia vyote viwili vionekane vizuri.

"Hisia ziko usoni, basi modeli alie"

Mwaka 1862 daktari Mfaransa Duchenne alichapisha picha za nyuso ambazo misuli yake ilisukumwa kwa umeme. Nyuso zilionyesha hofu na kicheko, ilhali mwenye uso hakuwa na hofu wala furaha. Uso unaweza kupangwa, na mtazamaji analijua hilo. Mabega yaliyopanda, vidole vya miguu vilivyojikunja au mkono ulioshika mkono mwingine kwa nguvu hadi ngozi ikabadilika rangi husema zaidi. Jaribu kumpiga picha modeli kwa nyuma, ukimwomba atoe pumzi yote. Bonyeza pumzi inapokwisha, mabega yakianguka. Halafu kumwagia picha rangi ya buluu hakuifanyi iwe ya huzuni kama mwili haukuwa na huzuni.

"Mwili wenye ukungu ni kutikisa kamera"

Kamera hutulia, mtu ndiye husogea. Anza na shata ya sekunde 1, f/11, ISO 100 kwa mwanga wa dirishani. Modeli akisogea muda wote hubaki utepe usiotambulika. Atulie sehemu kubwa ya muda huo, kisha ageuze kichwa mwishoni. Mandhari ya nyuma iwe nyeusi, kwa sababu ukuta mweupe humeza ukungu wa mwili.

"Hisia za kweli hupatikana modeli akiteseka"

Hii ni hatari, na tunaikataa kabisa. Kitambaa kilicholowa usoni huziba pumzi, na plastiki vilevile. Usitumie hata kwa sekunde chache. Kitambaa chepesi kikavu, kilichorushiwa maji pembezoni tu, huonekana vilevile kwenye picha. Rangi za akriliki si za ngozi. Tumia za kupaka uso zinazotoka kwa maji, uzijaribu kwanza mkononi. Vimetameta vya kazi za mikono vinaweza kukwaruza jicho. Picha za ndani ya maji zipigwe kwa mwanga wa dirisha, taa ya umeme wa ukutani isikaribie beseni. Kabla ya kuanza, kubalianeni sehemu zipi za mwili zitaonekana, zipi zitabadilishwa kwenye kompyuta na picha itawekwa wapi. Modeli aoneshwe fremu kwenye skrini kazi ikiendelea, naye akisema basi, kamera inashushwa.