Yangu sekunde 4, yake 11: nilivyojidanganya na saa

Wiki chache zilizopita nilimtambia mwenzangu hapa Kigoma. Ana skripti (programu fupi) ya Python inayojumlisha rekodi za dagaa na migebuka wanaoshushwa mwalo wa Kibirizi, faili moja kubwa la miaka kadhaa. Nikaiandika upya. Nikapima yake kwa `time`, amri ya Linux ya kupima muda wa programu: sekunde 11. Yangu, 4. Nikaanza kutembea kifua mbele.

"Kaka," akasema, "hebu iwashe upya hiyo mashine, halafu utangulize yako."

Yangu: sekunde 9. Yake ikafuata: 6.

Linux ikishasoma faili kwenye diski, hulihifadhi kwenye RAM iliyo wazi (hii ndiyo kache), ikitarajia utalihitaji tena. Anayetangulia ndiye anayelipa nauli ya diski. Wa pili anadandia bure. Hapa nauli ilikuwa sekunde 5, na mara ya kwanza niliitwika skripti yake peke yake.

Na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. `time` hutoa mistari mitatu: `real` ni saa ya ukutani, `user` ni muda prosesa iliofanyia kazi msimbo wa programu yenyewe, `sys` ni muda kerneli, kiini cha Linux, iliotumia kwa niaba yake. Kwake `real` ilikuwa 11, lakini `user` na `sys` kwa pamoja hazikufika hata 6. Sekunde nyingine skripti ilikuwa imekaa tu inasubiri diski. Mimi nilisoma mstari wa juu, basi. (Ukiona `user` imeizidi `real`, usishtuke: kori kadhaa zilifanya kazi kwa wakati mmoja.)

Siku hizi natumia hyperfine, programu ya David Peter ya kulinganisha kasi ya amri:

`hyperfine --warmup 3 'python3 zamani.py dagaa.csv' 'python3 mpya.py dagaa.csv'`

Inaendesha mara tatu za kupasha moto bila kuzihesabu, kisha inapima kila amri angalau mara 10 na kukupa wastani, mtawanyiko, ndogo kabisa na kubwa kabisa. Mtawanyiko ukiwa mpana, kuna kitu kingine kinakula prosesa. Funga kivinjari chako kwanza. Ukitaka hali ya baridi, yaani faili halimo kwenye RAM, weka kwenye `--prepare` amri ya kumwaga kache, `sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo).

Mtego mmoja ninaoupenda: hyperfine hutupa matokeo ya programu kwenye `/dev/null`, shimo linalomeza kila kitu, na grep ya GNU (amri ya kutafuta maneno kwenye faili) ikigundua hivyo huacha kutafuta mara tu inapopata mstari wa kwanza. Utadhani umepata grep ya miujiza. Tumia `--output=pipe`.

Kwa moto, faili likiwa tayari kwenye RAM, skripti yangu ni 4 dhidi ya 6 ya kwake. Ila yeye huendesha yake mara moja tu kwa siku, asubuhi, kompyuta ikiwa ndiyo kwanza imewashwa: 9 dhidi ya 11. Muda huo huwa anamimina chai. Bado anatumia ya kwake.