Syokimau na Nairobi Terminus ni stesheni mbili: maelezo kwa abiria kabla ya msimu wa Desemba

Desemba ikikaribia, lalamiko moja huongezeka kwenye madawati ya huduma kwa abiria. Mtu amekata tiketi ya Mombasa, ameamka na mapema, amefika stesheni na mizigo na watoto, na treni imemwacha. Ukimuuliza alifika stesheni ipi, anajibu, "Syokimau." Basi kosa limeshajulikana. Treni ya Mombasa haiondoki stesheni ya Syokimau, na haijawahi kuondoka hapo. Inaondoka Nairobi Terminus, ambayo, tunakubali, nayo iko Syokimau. Majina yanachanganya, hilo halina ubishi. Lakini tiketi yenyewe imeandikwa Nairobi Terminus, na kusoma tiketi ni jukumu la mwenye tiketi.

Kwa kuwa watu wengi wanaoifahamu stesheni ya Syokimau wanaifahamu kwa kuipita tu kwenye gari, tuanze na asili yake.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika hapa palipokuja kuwa Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na Kisumu mnamo Desemba 1901. Masimulizi ya Ukambani yanasema kwamba kabla ya hayo yote, mwanamke nabii aliyeitwa Syokimau alikuwa amekwisha kuwaambia watu wake kuhusu wageni watakaokuja wakiwa na moto mfukoni, na nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Moto wa mfukoni wazee waliufasiri kuwa kiberiti, na nyoka kuwa garimoshi. Masimulizi ni masimulizi, na idara ya reli si mahali pa kuyapima. Ila kwa maoni yangu jina hilo linaifaa stesheni ya treni kuliko majina mengi tunayoyabandika kwenye majengo ya umma.

Eneo lenye jina hilo liko kaunti ya Machakos, mpakani na Nairobi, kando ya Barabara ya Mombasa na karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Novemba 2011 lilijaa magazetini kwa sababu nyingine, yaani ubomoaji wa nyumba kwenye ardhi yenye mgogoro. Hilo si la idara yetu na tunaliacha hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na siku hiyo ikatajwa kuwa stesheni mpya ya kwanza ya reli kujengwa nchini tangu uhuru. Hebu litafakari hilo. Karibu miaka 50 nchi ilikuwa ikitumia stesheni ilizozirithi, huku mji ukipanuka kuelekea Kitengela, Athi River na Mlolongo, na kila mkazi mpya akiongeza gari lake kwenye barabara ileile moja.

Ndiyo maana stesheni hii iliwekewa maegesho makubwa. Wazo lilikuwa mtu wa Mlolongo aache gari hapo asubuhi, apande treni, aende kilomita 16 hivi hadi stesheni kuu ya mjini bila kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, kisha jioni arudi achukue gari lake. Tunasisitiza maneno mawili hapo: asubuhi na jioni. Maegesho haya ni ya msafiri wa kila siku. Hayakujengwa ili mtu aache gari wiki nzima akiwa Diani, wala ili wageni wa harusi ya jirani wapate pa kuegesha.

Jengo lenyewe ni la kawaida: ukumbi wa tiketi, lango la ukaguzi, jukwaa, paa la kumkinga abiria na mvua. Mwenye haraka ya kwenda kazini hahitaji zaidi. Treni zinazotumika kwenye njia za mjini ndizo zinazozua maswali. Mwaka 2020 zililetwa treni 11 za DMU, yaani treni zenye injini ya dizeli ndani ya mabehewa yenyewe, zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, na mpaka leo wapo wanaouliza kwa nini nchi inunue mitumba. Bei ijadiliwe na wanaohusika na bei. Kiufundi kuna jambo ambalo wanaouliza hawalitaji kamwe: reli ya Mallorca ina upana wa mita 1 kamili, sawa na reli yetu ya zamani. Treni zenye upana huo hazipatikani kila mahali. Sehemu kubwa ya Ulaya inatumia milimita 1,435, na treni ya huko ukiileta kwenye reli ya Syokimau haitasogea hata hatua moja.

Hapo ndipo tunapofikia swali ambalo binafsi nimechoka kulijibu: "Kwa nini SGR isiingie tu mpaka mjini?" Swali huulizwa kana kwamba kuna mtu ameizuia kwa roho mbaya. SGR, yaani reli ya kisasa inayotoka Mombasa, ina upana wa milimita 1,435. Reli inayoingia stesheni kuu ya mjini, ile iliyoanzishwa na Waingereza, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 435. Kupitisha gurudumu la moja kwenye vyuma vya nyingine ni sawa na kuvaa kiatu cha namba 6 kwenye mguu wa namba 9, na kwa treni kidole hakikunjwi. Kuifikisha SGR mjini kungetaka kujengwa njia nyingine katikati ya Industrial Area, na kila anayejua bei ya kiwanja cha huko anaweza kukadiria mwenyewe. Kwa hiyo treni kutoka Mombasa inaishia Nairobi Terminus, iliyofunguliwa mwaka 2017 pamoja na Madaraka Express, ndiyo treni ya abiria ya Mombasa, na abiria wa kuelekea mjini anabadilisha: treni ya reli ya zamani, matatu, au teksi.

Sasa taratibu za Nairobi Terminus, maana nusu ya malalamiko yanatokana na kutozifuata.

Fika angalau saa moja kabla ya treni kuondoka. Saa moja hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kukuchosha, ina kazi zake. Ukishuka kwenye gari utaelekezwa mahali pa ukaguzi wa mbwa. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, begi kando ya begi, kisha wenye mizigo husogea nyuma ya alama. Askari hupita na mbwa akinusa begi moja baada ya jingine. Usimwite mbwa, usimpigie mluzi, usimpe biskuti. Usiache mfuko mmoja mkononi ukidhani ni mdogo, kwa sababu ukionekana mstari wote unaweza kurudiwa, na watu walio nyuma yako watakuwa na haki ya kukuangalia vibaya. Mbwa akishamaliza, unaruhusiwa kuchukua mizigo na kwenda kwenye mashine ya ukaguzi, ambapo mizigo hupita upande mmoja na wewe upande mwingine. Baada ya hapo ndipo unapochapisha tiketi kama ulinunua kwa simu kupitia *639#. Kisha afisa analinganisha jina la tiketi na kitambulisho au pasipoti. Kisha ukumbi wa kusubiri, kisha lango, kisha jukwaa, kisha behewa na kiti ulichoandikiwa.

Jina. Naomba turudi kwenye jina. Tiketi inakatwa kwa jina la msafiri na namba ya kitambulisho chake. Huwezi kukata tiketi 5 kwa jina lako ukawapa shemeji zako. Huwezi kumuuzia mwenzako tiketi kwa sababu umeahirisha safari. Maelezo ya "yeye ni ndugu yangu, tuna baba mmoja" hayabadilishi chochote langoni. Mtoto aliyefikisha miaka 3 hadi 11 analipiwa nusu nauli na ana tiketi yake. Wa chini ya miaka 3 anapakatwa bure. Kila wiki tunakutana na watoto wa miaka 2 wanaosoma gazeti.

Pombe, visu, mafuta ya taa, gesi na vitu vyote vinavyoshika moto haviingii. Kisu cha kumenyea maembe ni kisu.

Kuhusu sigara, sheria si ya reli peke yake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma yasiyotengwa, na vyombo vya usafiri wa umma vimo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwenda chooni kwenye behewa na kufungua dirisha hakukuondoi katika sheria hiyo.

Jambo zito zaidi ni kutembea kwenye reli. Njia ya SGR ina uzio na vivuko vya chini, na treni yake ya abiria huenda hadi kilomita 120 kwa saa. Njia ya zamani, ile ya Syokimau hadi mjini, sehemu kubwa haina uzio. Inapita karibu na makazi ya Mukuru, na maelfu ya watu huifanya njia ya mkato kwenda kazini Industrial Area, wengine wakiwa na visikilizi masikioni. Tunafahamu kwamba barabara za huko hazina pa kutembea, na hatusemi hivyo kwa kejeli. Hata hivyo, kuingia kwenye njia ya reli bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Shirika la Reli, Sura ya 397, na dereva wa treni hana usukani wa kukukwepa. Anachoweza ni kupiga honi na kushika breki, na kwa uzito ule breki huchukua mamia ya mita kuisimamisha treni.

Kosa lilelile kwa sura nyingine ni kung'oa vishikizo na mataruma ya chuma ili kuuza. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya milingoti ya umeme na miundombinu mingine kuharibiwa, na ilipofunguliwa tena ilikuja na masharti ya leseni. Ukiona mtu akifungua nati kwenye reli usiku, huyo si fundi wetu. Mafundi wetu huvaa vizibao vinavyong'aa na huenda kwa makundi. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu.

Mwisho ni swali linaloulizwa kwa simu kuliko yote: je, tiketi ya Madaraka inatosha pia kwa treni ya kutoka Terminus hadi mjini? Haitoshi. Ile ni huduma nyingine yenye nauli yake, na inalipwa peke yake. Treni hiyo ya mjini hupangwa kufuatana na ujio wa treni za Mombasa, lakini ratiba hubadilika, kwa hiyo iangalie siku ya safari. Ukishateremka, beba mizigo uelekee moja kwa moja kwenye jukwaa lake. Haimsubiri anayepiga picha na jengo.