Kulegeza mkataba: shirika la ndege linapoomba wafanyakazi wapunguziwe

Kulegeza mkataba ni pale mwajiri aliyekaukiwa na pesa anapokiomba chama cha wafanyakazi kikubali masharti ya chini kuliko yaliyo kwenye CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ili kampuni isiangukie mikononi mwa mrasimu, yule msimamizi anayewekwa kushika mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Huku magharibi mwa Kenya tumeona kampuni ikifika huko: Mumias Sugar, kiwanda cha sukari, iliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019.

Mashirika ya ndege huingia kwenye mazungumzo haya mara kwa mara kwa sababu mafuta, vipuri na kodi ya ndege za kukodi hulipwa kwa dola, na mwenye ndege asipolipwa huja kuichukua. Gharama ambayo meneja anaweza kuigusa upesi ni mishahara.

Kazi ya kwanza ya chama ni kudai vitabu vya hesabu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri atoe habari zinazohitajika kwa majadiliano. Chama makini hakiridhiki na faida na hasara ya mwaka jana. Huuliza pesa taslimu zilizopo zitatosha wiki ngapi, kodi ya ndege imelimbikizwa kwa miezi mingapi, na tiketi zilizouzwa ambazo abiria hawajazisafiria ni za shilingi ngapi. Hilo la mwisho hudanganya wengi: nauli za Desemba zinaonekana benki tangu Septemba, kumbe bado ni deni.

Halafu kuna suala la nini kikatwe. Wengi hukimbilia asilimia ya mshahara, ilhali taratibu za kazi ndizo zinazofaa kuchunguzwa kwanza. Chukua safari ya Kisumu. Ndege ya mwisho ikilala Kisumu, marubani na wahudumu hulipiwa hoteli, chakula, gari na posho ya kulala nje. Ikirudi Nairobi usiku uleule, gharama hiyo inaondoka, ila Kisumu inakosa ndege ya alfajiri, ile ya wenye mikutano, na nauli zao nzuri zinapotea. Lazima pande zote mbili zipige hesabu hiyo. Kuna pia mambo yasiyojadiliwa: kanuni ya usalama inayotumika sana ni mhudumu 1 kwa kila viti 50, kwa hiyo ndege ya viti 78 hairuki na chini ya wahudumu 2 hata chama kikisema sawa.

Mbona chama kikubali kupunguziwa? Tuseme mfanyakazi analipwa 90,000 kwa mwezi na ametumikia miaka 12. Akipunguzwa kazi kwa utaratibu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka: siku 180, yaani kama 540,000, mbali na notisi ya mwezi mmoja na siku za likizo alizobakiza. Kampuni ikifilisika, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawatanguliza wafanyakazi mbele ya wadai wa kawaida, lakini kwa kiasi kisichozidi 200,000 kwa kila mmoja. Kinachozidi hapo kinapanga foleni pamoja na madai ya wauzaji wa kawaida, wakati benki zenye dhamana zimekwisha kushika mali yao. Mara nyingi foleni hiyo haifikii kitu.

Mazungumzo huvunjika zaidi kwa kukosa uaminifu kuliko kwa ukubwa wa makato. Mwaka 2003, vyama vya American Airlines kule Marekani vilikubali kupunguziwa ili shirika liokoke. Mara ikajulikana kwamba wakuu walikuwa wamewekewa bonasi na ulinzi wa pensheni zao. Wafanyakazi waliwaka, bonasi zikafutwa, na mkurugenzi mkuu Don Carty akajiuzulu Aprili mwaka huo. Shirika lenyewe liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2011.

Kosa jingine ni neno “kwa muda” lisilo na tarehe. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, dai lao kuu lilikuwa michango ya hazina ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa korona. Kila makato yaandikiwe siku ya kwisha, au kipimo kinachoyarudisha, kwa mfano faida ya robo mwaka mbili mfululizo, na isemwe wazi kama kilichokatwa kitalipwa baadaye au kimesamehewa.

Baada ya wanachama kukubali, karatasi ipelekwe kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Viongozi wengi huchoka hapa na kuona saini zilizotiwa hotelini mwishoni mwa mazungumzo zinatosha. Bila usajili, CBA ya zamani ndiyo inayosimama, na mfanyakazi aliyekatwa mshahara anaweza kwenda mahakamani kudai tofauti yote.