Mafuta ya midomo ya zawadi: asali haikai kwenye nta

Juni ikiingia Mbeya, midomo ndiyo ya kwanza kupata habari. Upepo wa Uyole ukikupiga asubuhi mbili tatu, hata kucheka unacheka kwa tahadhari. Kikopo cha mafuta ya midomo yenye ladha, uliyoyapika mwenyewe, hapa kinapokelewa kuliko kanga ya nne. Shida ni maneno tunayoambiana jikoni.

La kwanza nililiamini mwenyewe: kwamba kila kitamu chaweza kuwa ladha. Niliyeyusha nta na mafuta ya nazi, nikatia asali vijiko viwili na maji ya limao. Yakiwa moto yalipendeza. Yalipoganda, asali ilikuwa imezama chini, imejikalia peke yake, na wiki tatu baadaye shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, hii dawa yako imeota ukungu."

Nta na mafuta havipatani na maji. Maji ya limao, rangi ya keki, arki nyingi za dukani, vyote hujitenga, na asali ikishazimuliwa kwa limao ukungu hupata makazi. Sukari nayo haiyeyuki humo, inabaki kama mchanga. Ladha inayokaa ni ile inayokubali mafuta. Siku hizi naloweka mchaichai uliokauka hadi unavunjika mkononi, ndani ya mafuta ya vuguvugu kwa saa moja, kisha nachuja kwa kitambaa. Unga wa kakao ya Kyela pia unafaa, ila kidogo tu, nao uchujwe. (Kama zawadi inakwenda kwa mama mwenye kichanga, achana na asali kabisa: haipaswi kufika kinywani mwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli.)

"Kama nta huna, kwangua mshumaa." Hapana. Mshumaa wa dukani kwa kawaida ni parafini iliyotengenezwa iwake, si ya kulambwa. Nta ya nyuki hunukia asali na hulainika ukiifinyanga. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hivyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Bakuli juu ya sufuria ya maji linatosha, hata hapa mjini ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu.

Wengine husema nta ikizidi ndiyo dawa inakuwa na nguvu. Ikizidi, utakuwa unajipaka jiwe. Anza na kijiko 1 cha nta kwa vijiko 3 vya mafuta. Kama kikopo kinakwenda Makete kwenye baridi, ongeza kijiko cha 4 cha mafuta, kama kinateremka Kyela kwenye joto, bakia na 3. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Julai yetu yanakuwa magumu chupani. Nusu yake naweka mafuta ya parachichi. Kabla ya kumimina, dondosha tone kwenye kijiko cha baridi, subiri ligande, ulisugue kwa kidole. Likikwaruza, mafuta yaongezwe.

Halafu kuna hili la kulamba midomo ili isikauke. Mate hukauka haraka na kuondoka na unyevu uliokuwepo, tena yana vimeng'enya vinavyochokoza ngozi ile nyembamba. Ndiyo maana ladha kali ni hasara: mtu anayala mafuta badala ya kuyapaka. Mnanaa mwingi na mdalasini navyo huwasha midomo iliyokwisha kupasuka.

Na baridi isikudanganye kuhusu jua. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo miale inayounguza inavyozidi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mafuta ya nyumbani hayaikingi, na mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya limao au ndimu yanaweza kuunguza ngozi yakikutana na jua hilo.

Ama kusema mafuta ya mgando ya dukani ni sumu, ni uzushi. Yaliyosafishwa vizuri hayana neno.

Shangazi alipewa kikopo kingine, cha mchaichai, tarehe ya kupikwa imeandikwa kwenye kifuniko. Alikinusa kwanza, akakigeuza juu chini kutazama kama kuna kitu kimezama, ndipo akajipaka.