Javadoc haichukui kila maelezo

Wengi hudhani Javadoc, zana ya lugha ya Java ya kutengeneza nyaraka, hugeuza maelezo (comments) yote ya msimbo wa Java kuwa nyaraka. Sivyo. Huchukua yanayoanza na /** (au, tangu Java 23, ///) tu, tena yaliyo moja kwa moja juu ya klasi, methodi au tamko jingine husika. Yenye /* ya nyota moja huyaruka kimya. Mstari wa import (unaoleta klasi za kwingine) ukiingia kati ya maelezo na klasi, yamepotea.

Muhtasari unaoonyeshwa kwenye nyaraka ni sentensi ya kwanza ya maelezo hayo, nayo huishia kwenye nukta inayofuatwa na nafasi. Hivyo “n.k.” katikati huikata vibaya.

Tangu Java 8, @param (alama ya kueleza kigezo cha methodi) yenye jina lisilo la kigezo chochote huleta kosa. Ukweli wenyewe haukaguliwi: methodi ikianza kurudisha null (yaani hakuna kitu) badala ya orodha tupu, @return ya zamani, inayoeleza kinachorudishwa, itachapishwa vilevile, na anayeitegemea ataangukia NullPointerException, kosa la kutumia null kana kwamba ni kitu halisi.