Subiri Ageuke: Mahali pa Kulenga Swala

Kichwa kiache. Nalitanguliza hili kwa sababu kila msimu ukikaribia, vijana wanaojiandaa na mtihani wa uwindaji bingwa, yaani kazi yetu ya kuongoza wageni wanaokuja kuwinda, na jamaa wenye leseni za wenyeji huniuliza swali lile lile: mnyama akisimama karibu ananitazama, si nimmalize kwa risasi moja ya kichwa? Ubongo wa swala pala ni mdogo, haujazi kiganja, tena umekaa nyuma ya macho kwa juu, kwenye kichwa kisichotulia hata sekunde mbili. Ukishuka vidole vinne tu umevunja taya. Mnyama huyo ana miguu yote na mapafu mazima, kwa hiyo atakimbia na hutamwona tena siku hiyo. Ila hawezi kula wala kunywa, na kufa kwake kutachukua siku kadhaa. Ukikutana na swala wa namna hiyo kisimani, taya linaning'inia na nzi wamejaa, hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Kifua ndicho kinachosamehe makosa. Mnyama akikupa ubavu wazi, ushike mstari wa mguu wa mbele kwa macho, upande nao mpaka theluthi ya kwanza ya kiwiliwili kutoka chini, usimame hapo. Juu ya mguu wenyewe, si nyuma yake. Mkono ukipanda kidogo, uko kwenye mapafu. Ukishuka kidogo, uko kwenye moyo. Ukisogea mbele, umevunja bega na hataenda mbali. Hakuna sehemu nyingine ya mwili inayokupa nafasi tatu namna hiyo.

Wageni wa kutoka Marekani hupata shida hapa, na si kwamba hawajui kulenga. Wamekulia kwenye kulungu wa mkia mweupe, na wengi wamefundishwa kupiga nyuma kidogo ya bega ili nyama ya bega isiharibike. Kwa mnyama wao inafaa. Wanyama wetu moyo na mapafu vimekaa mbele zaidi na chini zaidi, kwa hiyo risasi ile ile inaangukia ukingoni mwa mapafu, au kwenye ini, au tumboni kabisa. Kabla hatujatoka kambini humwonyesha mgeni picha ya mnyama aliyesimama ubavu, nikamwomba aweke kidole pale atakapopiga. Karibu wote huweka nyuma mno.

Kosa la pili ni la kupanda juu, na wanyama wanaowaponza wawindaji hapo ni kongoni, nyumbu na pofu. Mabega yao yameinuka, mgongo unateremka kuelekea nyuma, na jicho linadhani kifua kimejaa mpaka juu. Hakijajaa. Lile nundu ni miiba mirefu ya mifupa ya uti wa mgongo, na ndani yake hakuna mapafu. Risasi ikipita pale mnyama anaanguka papo hapo kama gunia. Mgeni anafurahi, watu wanapeana mikono. Mfuata nyayo ninayefanya naye kazi Rungwa, pori la akiba la hapa Tanzania, mzee wa Kikimbu, hampi mtu mkono wakati huo. Anasimama akitazama masikio. Yakicheza, husema neno moja tu: "Piga." Maana mnyama aliyeguswa kwenye miiba hiyo amezimia tu. Dakika moja baadaye anainuka, anaingia miombo, na nyama yake utaisikia kwa fisi usiku. Ndiyo sababu mimi humshuku zaidi anayeanguka palepale kuliko anayekimbia. Aliyepigwa mapafu sawasawa mara nyingi hukimbia mita hamsini, pengine mia, kisha anajikwaa na kulala.

Namna mnyama alivyogeuza mwili ni somo refu kuliko shabaha. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, sahau bega la upande wako. Lenga ili risasi itokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Hiyo ni risasi nzuri sana kwa swala mdogo. Kwa pofu dume, anayeweza kufika kilo mia tisa, mshazari ukizidi risasi italazimika kupita tumbo lililojaa majani kabla haijafika kifuani, na mara nyingi haifiki. Akiwa anakuja kwako kwa mshazari, mlango ni mdogo: kati ya shingo na bega la karibu. Mwenye mkono mzuri na tripodi, ile miguu mitatu ya kuegemezea bunduki, iliyosimama vizuri naweza kumruhusu. Aliyesimama akinitazama kifua kwa kifua, nitaamua kwa umbali. Anayeniachia makalio, hapana, hata awe na pembe za kuota ndotoni.

Na swala pala hawasimami peke yao. Dume unayemtaka ana majike nyuma yake, na risasi ya .30-06, kipimo cha kawaida cha bunduki ya kuwindia, inayopita mbavu za mmoja inamfikia wa pili. Kwa hiyo unangoja. Mbung'o wanakuuma shingoni, mgeni ameshika bunduki mpaka mkono unatetemeka, na wewe unamnong'oneza "bado". Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusema bado.

Kuna jambo la kambini kwetu ambalo huwezi kulikuta kwenye mafunzo ya Ulaya. Wengi wa wafanyakazi wetu ni Waislamu, na nyama ya mnyama ndiyo chakula chao. Akifa kabla ya kisu, wengi watamhesabu kibudu. Masheikh wanazo hukumu za mawindo, mimi si mwanachuoni. Nasema ninachokiona, kwamba vijana hukimbia na kisu mara tu mlio wa bunduki unapokatika. Kwa ajili hiyo wapo wawindaji wanaomwelekeza mgeni apige shingo au uti wa mgongo makusudi, mnyama alale akiwa hai asubiri kuchinjwa. Sikubaliani nao. Shingo ina nyama nyingi na mfupa mwembamba kati yake. Ukiukosa mfupa umejeruhi tu. Ukiupata, una mnyama mwenye akili timamu asiyeweza kuinuka, anaona watu wanamkimbilia. Mpige kifua, kisha mkimbie. Aliyepigwa kwa umbali wa mita mia hivi mara nyingi kisu kinamwahi.

Baada ya mlio, usitazame uso wa mgeni, mtazame mnyama. Aliyepigwa moyo huruka juu na kuondoka kwa kasi, kichwa chini. Aliyepigwa tumbo hujikunja mgongo, akatembea polepole kana kwamba anawaza jambo. Nenda mahali aliposimama, vunja tawi uweke alama, kisha usome damu. Ya waridi yenye povu ni ya mapafu, mfuate baada ya muda mfupi. Nyekundu iliyokolea sana ni ya ini. Ukiona majani yaliyosagwa na harufu mbaya, ni tumbo, na hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wa nchi za baridi. Wao husubiri saa kadhaa ili mnyama alale. Kwetu fisi hawasubiri, na jua la Septemba linaozesha nyama haraka. Tunasubiri, lakini si sana, na tunakwenda kimya.

Ndiyo maana ikishapita saa kumi na moja jioni huwa mgumu wa kuruhusu risasi. Kuwinda usiku ni kosa kisheria, na giza likikuta damu haijafika mwisho, hesabu umemwachia fisi. Mgeni naye hapati nafuu: aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kwenye leseni na hulipiwa sawa na aliyepatikana.

Nyati ana mada yake. Kwa leo itoshe kusema hapigwi na bunduki yoyote ya kipimo cha chini ya .375, na kwamba kifua chake nacho kiko chini kuliko unavyodhani.

Ukirudi kambini usikimbilie kuoga. Nenda banda la kuchunia, mwombe mchunaji asifungue kifua kwa haraka, na upitishe kijiti kwenye tundu la kuingilia mpaka uone kimetokea wapi. Tazama moyo ulivyolala karibu na mfupa wa kidari, tazama mapafu yanavyoishia, kisha mrudishie ngozi juu uone bega lilikuwa wapi ulipokuwa unalenga. Mgeni naye mwite aje, hata kama ameshashika glasi yake.