Mwani na sukari ya damu: soma hii kabla ya kununua kile kichupa

Wagonjwa wa sukari hapa Bukavu wanatuletea vichupa vya unga wa mwani na swali moja: unashusha sukari kweli? Swali ni la haki, na jibu lake si "uongo mtupu".

Bugali wa muhogo karibu wote ni wanga. Kimeng'enya cha amilesi, kinachotoka kwenye mate na kongosho, huukatakata. Vimeng'enya vingine vya utumbo mwembamba humalizia kazi, na glukosi, yaani sukari, ikaingia damuni. Mwani wa kahawia wa bahari za baridi, kama Ascophyllum na Fucus, una kemikali ziitwazo florotanini, na hizo huvizuia vimeng'enya hivyo. Akabosi, dawa ya hospitali, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Mwani huo una alginati pia: ikikutana na asidi ya tumbo huwa ute mzito kama mlenda, chakula kikashuka polepole. Ndiyo maana viwanda vinajaribu kuitia kwenye mikate. (Mwani mwekundu wanaolima akina mama wa Zanzibar hutoa karagini; usidhani ni kitu kilekile.)

Maabarani matokeo yanatia moyo. Kwa binadamu, majaribio mengi ni madogo, na majibu hayafanani.

Lakini kinachotutia hofu sisi wa Kivu ni iodini, madini yaliyomo kwenye mwani ambayo tezi ya shingo huyatumia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Gramu moja ya kombu kavu, mwani wa Japani, huweza kuzidisha hapo mara kumi. Miaka ya 1960 kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilichunguzwa kwa sababu ya rovu, uvimbe wa tezi hiyo: iodini ilikuwa haba, na muhogo ulizidisha tatizo. Miaka ya 1990 ilipoingia chumvi yenye iodini nyingi, madaktari wa Kivu waliona wagonjwa ambao tezi ya shingo ilianza kufanya kazi kupita kiasi: moyo mbio, mikono kutetemeka, mwili kukonda. Na tezi ikizidisha kazi, sukari nayo hupanda. Mama mwenye rovu la miaka mingi anaweza kujiumiza kwa kitu alichonunua ili apone.

Punguza tonge la bugali, ongeza maharage na sombe (majani ya muhogo). Maharage nayo huchelewesha sukari. Vidonge au insulini usiache. Kichupa kilete tukisome pamoja: kama hakikuandikwa aina ya mwani na kiasi cha iodini, usikinywe.